Kanuni ya Mlango Mmoja

Wizarani walimwita Mizani, na jina hilo halikuwa sifa tupu. Lilikuwa utani wenye miiba. Ukimuuliza Mizani kama mvua itanyesha, walisema, atakwambia mawingu yana hoja zao na jua lina hoja zake, na kwamba pande zote mbili zinahimizwa kuwa na subira. Yeye alicheka pamoja nao, kicheko kifupi cha adabu, kisha akarudi ofisini kwake kusoma magazeti ya nchi za watu.

Kazi yake tangu ujana ilikuwa moja tu: mambo ya Waarabu na Waisraeli. Wenzake walihamishwa huku na kule, leo biashara, kesho mazingira, keshokutwa kupokea wageni uwanja wa ndege na kubeba maua. Yeye alibaki palepale kama kigingi. Kiarabu alikipata utotoni kwa jirani yao, fundi saa mgeni aliyekosa mtu wa kuzungumza naye, akaamua kumfundisha mtoto wa jirani ili apate wa kubishana naye. Kiebrania alijifunza ukubwani, kwa ufadhili, darasani na vijana waliomcheka matamshi. Akapelekwa ubalozini katika nchi ya Kiarabu, na huko wakanong'ona kwamba huyu ni mtu wa Waisraeli, maana anasoma magazeti yao. Baadaye akapelekwa Israeli, na huko hakukosekana kwenye hafla mtu wa kumsogelea na glasi yake, amuulize nani alimfundisha Kiarabu kizuri hivyo, na kwa nini. Akilaumiwa na upande mmoja alikosa usingizi. Akilaumiwa na pande zote mbili alilala fofofo, maana hapo alijua kazi imefanyika.

Msije mkadhani alikuwa mtu asiye na moyo. Moyo alikuwa nao, tena mwingi, ila alikuwa ameufungia kabatini pamoja na nyaraka. Na lilikuwepo jambo moja ambalo hakulipima wala hakulitafutia upande wa pili, nalo ni kanuni aliyoiandika mwenyewe.

Chanzo chake kilikuwa kituo chake cha kwanza, enzi hizo akiwa mdogo wa wote ubalozini, yule anayetumwa kila mahali. Kulizuka mapigano mjini. Balozi wao alikuwa amenusa mapema. Aliondoka kwanza mke wa balozi, wakafuata watoto, yakafuata makochi. Ndiyo, makochi, yalifungwa kwa mablanketi yakapakiwa kwenye lori mchana kweupe. Wanafunzi wa nchi yao waliokuwa wakisoma mji uleule hawakuambiwa neno. Mabomu yalipoanza walikuja kugonga lango, na aliyetumwa kuwaambia kwamba balozi hayupo alikuwa Mizani. Wapo ambao hawakurudi nyumbani. Mama wa mmoja wao alikuja wizarani baadaye, akakaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, na alipoonana naye hakulia. Alimuuliza tu, "Hivi yale makochi yalifika salama?"

Kwa hiyo alipopanda cheo akawa mkurugenzi, aliandika kile walichokuja kukiita kanuni ya mlango mmoja. Habari ya hatari hutoka kwa mlango mmoja, kwa watu wote, kwa wakati mmoja. Mtumishi wa wizara hana ruhusa ya kumwonya mwanawe, mkewe wala shemeji yake kabla raia wengine hawajaonywa. Akivunja, kazi hana. Wakubwa waliipitisha kwa makofi, kama wanavyopitisha jambo lolote jema ambalo leo haliwagusi.

Nyumbani alikuwa na mke mwalimu wa hesabu, mwanamke wa swali moja na jibu moja. Hebu fikiria ndoa hiyo. "Mume wangu," alikuwa akimwambia mezani, "nimekuuliza kama chumvi imezidi. Mimi siyo mkutano." Wakapata watoto, na watoto wakawafuata wajomba zao katika biashara, isipokuwa kitindamimba. Huyo binti alikuwa wa baba. Walizungumza Kiarabu wakiosha vyombo, wakimsengenya mama mbele ya macho yake, naye mama akijua kabisa kwamba anasengenywa. Baba alimwita "mama", kama baba wengi wanavyowaita binti zao, na mama halisi alikuwa akiuliza kwa mzaha kama nyumba hii ina mama wangapi.

Binti akasomea uuguzi. Hospitali moja ya misaada ilipotangaza nafasi katika mji wa mpakani, upande wa Waarabu, mahali ambapo ukipanda darini unaona mashamba ya Israeli ng'ambo ya uzio, aliomba bila kumshauri mtu. Nani alaumiwe? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Alikuta huko watu wengine wa nchi yake: wauguzi wenzake, fundi wa eksirei na mkewe, dereva wa gari la wagonjwa, na mhasibu kijana ambaye alikuwa mpwa wa Katibu Mkuu wa wizara ya baba yake. Walikuwa wakikusanyika jioni kwenye chumba cha binti, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na jiko zuri na baba mwenye habari.

Sasa tufike kwenye ile wiki.

Mabalozi wa nchi hizo mbili, ile ya Kiarabu na Israeli, walikuwa na ofisi mjini, na kila Jumatatu walimpigia Mizani kulalamika. Ilikuwa kama ibada. Mmoja alilalamikia neno lililotumika kwenye taarifa ya wizara. Mwingine alilalamikia neno ambalo halikutumika. Karani wake alikuwa ameshazoea kuandaa chai kabla ya simu ya kwanza na aspirini kabla ya ya pili. Jumatatu ile simu hazikulia. Chai ikapoa. Karani akasema leo Mungu amemwonea bosi huruma, na Mizani akatabasamu, lakini alishindwa kusoma. Jicho lilikuwa likienda kwenye simu kila mara.

Jumanne akawapigia yeye. Balozi wa nchi ya Kiarabu alimuuliza afya, akawaulizia watoto, akaisifu taarifa ya mwisho ya wizara. Aliisifu! Miaka yote hiyo hajawahi kuisifu hata nukta. Akampigia wa Israeli, naye akamshukuru kwa uvumilivu wake wa siku zote, akamtakia kila la heri, kama mtu anayeaga. Mizani alirudisha simu mahali pake. Mtu anayegombana nawe bado anakuhitaji. Anayekushukuru ghafla ameshakuondoa kwenye hesabu zake, maana jambo lililo mbele halina tena nafasi ya maneno. Akafungua magazeti ya pande zote mbili. Yale yaliyozoea kutukanana ukurasa wa kwanza, siku hiyo yaliandika juu ya bei ya nyanya.

Wahenga hawakukosea: kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliandika onyo kwa mkono wake, na halikufanana na kitu chochote alichowahi kuandika. Halikuhimiza pande zote. Lilisema raia wote waondoke sasa hivi, kwa njia yoyote waliyo nayo, wasingoje taarifa nyingine. Akalipeleka mwenyewe ghorofa ya juu.

Katibu Mkuu alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kupenda kushika watu bega. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Mizani, ndugu yangu. Leo umeelemea."

"Ndiyo, Mkuu."

"Ndiyo?" Akacheka. "Sijawahi kukusikia unasema hilo neno. Haya, ushahidi uko wapi?"

"Wamenishukuru, Mkuu. Wote wawili, siku moja."

"Kwa hiyo nimwambie Waziri tuwatoe watu wetu kwa sababu mabalozi wamepata adabu?" Akampiga bega. "Unajua Waziri yuko safarini kuandaa nini. Hawa watu wote wawili wamekubali kuja kukaa meza moja, hapa hapa kwetu. Leo tukitangaza kwamba huko kwao kunawaka, nani atakuja? Tutakuwa tumewatukana kabla hawajavua viatu."

"Mkuu, vita ikianza hakuna atakayekuja pia."

"Ijumaa Waziri anarudi. Atasaini mwenyewe, mimi sitii mkono hapo."

"Ijumaa ni mbali."

"Ijumaa ni keshokutwa na kidogo." Katibu Mkuu aliiweka ile karatasi kwenye trei, akaifunika na faili. Halafu uso wake ukawa wa kazi. "Na kupenyeza habari hakuna. Kanuni unaijua, uliiandika wewe."

"Naijua," alisema Mizani. Alishuka kwa ngazi, lifti ikiwepo, kwa sababu alitaka kufika polepole.

Jumatano jioni alikuwa jikoni, mkewe akimenya viazi, simu ilipoita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nimekula. Baba, hebu nikuulize. Hapa sokoni watu wananunua unga kama wamechanganyikiwa. Mwenye nyumba wangu kampeleka mama yake kijijini. Nyie huko mnasikiaje?"

"Hali tunaiangalia."

"Najua mnaiangalia, ndiyo kazi yenu." Alikuwa akicheka, lakini si sana. "Mimi nataka kujua, ni ya kuondoka au ya kukaa?"

Neno lilikuwa moja. Ondoka. Lilishafika mdomoni, alilisikia uzito wake juu ya ulimi. Barabara ya kutoka mji ule ilikuwa bado wazi, na gari la asubuhi lingemfikisha mji mkuu kabla ya chakula cha mchana. Lakini nchi yake ilikuwa na watu katika miji mingine pia, wafanyakazi wa majumbani, wanafunzi, watu wasio na baba wizarani, na hao nani angewapigia? Alimwona yule mama wa benchi na mikono yake iliyotulia mapajani. Akilisema neno lile, tofauti yake na balozi wa makochi itakuwa nini? Atajitetea kwamba yeye alimtoa mtoto tu, fanicha aliacha?

"Tukiwa na neno, mama," alisema, "tutawaambia wote kwa pamoja."

"Haya baba. Basi sawa." Sauti yake ikawa nyepesi ghafla, ya mtu aliyetua mzigo, na wepesi huo ndio uliomtisha.

"Mama..."

"Naam, baba?"

"Jitunze."

"Najitunza. Msalimie huyo mama mwingine."

Simu ikakatika. Mkewe hakuinua uso kutoka kwenye viazi. "Umemwambia nini mtoto?"

"Kwamba tunaangalia."

"Sijaomba taarifa kwa vyombo vya habari. Kuna hatari au hakuna?"

"Mke wangu, hilo siruhusiwi."

Kisu kikasimama. Ukimfundisha mtu hesabu maisha yake yote, hawezi tena kuacha kujumlisha. "Hujasema hakuna," alisema taratibu. Akafuta mikono kwenye kanga, akanyoosha mkono kuichukua simu. "Basi nampigia mimi."

"Ukimpigia wewe, ni mimi nimempigia."

"Na asipopigiwa, ni nani hajampigia?"

Alimweleza tu, kwa mara ya kwanza bila kupindapinda: onyo liko mezani kwa Katibu Mkuu, Ijumaa litasainiwa, wataambiwa wote. Akamwomba ampe hadi Ijumaa. Na mkewe, ambaye angeweza kumng'oa mtu meno kwa maneno, alikubali, kwa kuwa mmoja wa wale wanafunzi ambao hawakurudi alipita darasani kwake, na maziko yasiyo na mwili alikwenda. Aliirudisha simu mezani. "Ijumaa," alisema. "Isipite Ijumaa." Viazi vile hakuna aliyevila.

Alhamisi ilipita. Ijumaa ikaja bila Waziri. Mazungumzo yamekwenda vizuri mno, walisema, ameombwa abaki kwa chakula cha usiku. Katibu Mkuu hakuwepo ofisini, eti ana homa. Mizani alizunguka wizara nzima akitafuta mkono wenye mamlaka ya kusaini, na kila mkono aliokuta ulikuwa na sababu. Jumamosi asubuhi akaenda uwanja wa ndege mwenyewe, akamngoja Waziri mlangoni kama dereva wa teksi, akamsainisha juu ya boneti ya gari. Waziri alikuwa amechoka, amefurahi. "Haya basi, kama ni lazima," alisema. "Lakini usilitangaze kwa kelele."

Onyo likatoka kwa mlango mmoja, kwa watu wote, kwa wakati mmoja, kama kanuni inavyotaka. Lilitoka adhuhuri. Barabara pekee ya kutoka mji ule wa mpakani ilikuwa imefungwa tangu alfajiri, na pande zote mbili zilikuwa zimeshaanza kurusha makombora.

Mkewe alikuja wizarani. Hakuwahi kukanyaga hapo siku zote za ndoa yao isipokuwa kwenye sherehe. Alipita mapokezi bila kusimama, akaingia, akakaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani. Simu ya binti haikupatikana, haikupatikana, haikupatikana. Halafu alasiri, ile ya mezani ikalia. Mke alibonyeza kitufe cha spika kabla mume hajaigusa.

"Baba? Unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Uko wapi?"

"Chini, stoo ya dawa. Tuko wazima." Nyuma yake palisikika kitu kama mlango mzito unaobamizwa mbali, kisha mwingine. "Tuko wote, isipokuwa mhasibu. Yeye aliondoka Alhamisi."

"Aliondokaje?"

"Mjomba wake alimpigia Jumatano usiku. Akaja kutuaga na kibegi, macho hayatulii. Akasema mjomba kamwambia atoke mara moja, na sisi tutoke. Watu walianza kufungasha, baba. Dereva alishajaza mafuta, gari liko mlangoni linanguruma."

Mizani alitazama juu, kwenye dari, upande ambako ghorofani ofisi ya Katibu Mkuu ilikuwa imefungwa kwa homa. Mwanamume yule alikuwa ameikumbuka kanuni vizuri sana siku ile ya Jumanne. Alikuwa ameikumbuka kwa ajili ya wengine.

"Sasa kwa nini hamkutoka?" Ilikuwa sauti ya mkewe. "Mwanangu, kwa nini hamkutoka?"

"Mama, na wewe upo?" Binti akavuta pumzi. "Walikuja kuniuliza mimi. Wakasema, wewe ndiye mwenye baba wa mambo haya, anasemaje? Nikawaambia nimeongea naye jana tu, hana wasiwasi. Nikawaambia kama kungekuwa na kitu, mtu wa kwanza kupigiwa duniani ningekuwa mimi. Nikasema yule kijana mwoga tu. Tukamcheka. Dereva akazima gari, watu wakafungua mizigo. Baba. Ulijua?"

Amejibu mawaziri, mtu huyu. Amejibu majenerali na maaskofu na waandishi wa habari wenye hila, na hajawahi hata mara moja kubanwa akakosa pa kupitia. Njia zilikuwepo hata sasa. Aliziona zote, na akaona aibu kwamba anaziona.

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Jumanne."

Binti hakulia. Afadhali angelia. Ule mlango wa mbali ukabamizwa tena, safari hii karibu zaidi, na chupa zikagongana kwenye rafu. Aliporudi kwenye simu alikuwa akinong'ona.

"Wamenizunguka hapa, baba. Wananiuliza umesema nini."

"Waambie," alisema. "Waambie ukweli. Waambie nilijua."

Wakamsikia akigeuka kutoka kwenye simu. Alipoongea tena sauti haikuwa ile ya mnong'ono. Ilikuwa imetulia, ya joto, sauti anayozungumza nayo na wagonjwa.

"Baba anasema tukae mbali na madirisha," aliwaambia wenzake. "Anasema wanajua tulipo, na gari la kututoa liko njiani."

Mizani hakusema hivyo. Hakuna gari lililokuwa njiani. Mkewe akaichukua simu mezani, akaiweka sikioni, akamwita mwanawe, akamwita tena, lakini laini ilikuwa imeshakatika.